Samansi ya Mama Ghati

Barua yenu nimeipata, vijana wangu wa masjala, na kwanza nawapongeza kwa jambo moja: mlimtuma mtu akaniletea mkononi, akasubiri nisaini. Nikajua hilo angalau halijafa. Mnataka niwaandikie mambo ya kazi, mimi niliyekalia kiti cha karani wa bodi mpaka kikachukua umbo langu. Mwenzenu mmoja ameongeza pembeni kwa kalamu, "Mzee Marwa, usisahau vichekesho." Vichekesho vipo, nitaviweka. Ila nikishawachekesha nitawaambia jambo ambalo sikuwahi kulisema ofisini, na mtajua kwa nini siku ya kuniaga nilikataa kuhutubia, nikasema koo linauma. Koo halikuwa linauma.

Barua hii huenda ikasomwa na mtu asiyeijua kazi yetu, kwa hiyo nieleze. Bodi yetu ni ndogo: wajumbe saba, mwenyekiti akiwa mmoja wao, na karani asiye na kura. Inatoa leseni na kutunga kanuni. Klabu ya pombe ifungwe saa ngapi, machinjio yakae wapi, karasha, yaani zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, zikae umbali gani na maji. Karani haamui kitu, anaita watu tu. Nilizoea kuwaambia watu hivyo kwa unyenyekevu wa uongo, kumbe pale pa kuita watu ndipo mambo yanapoamuliwa.

Kazi nilifundishwa Mugumu, upande wa Serengeti, kabla sijahamishiwa Tarime. Aliyenifundisha ni Mzee Salumu, karani mkuu, mtoto wa fundi cherehani aliyetoka pwani akalowea kule. Suruali yake ilikuwa na mkunjo wa kukatia mkate. Hakuwahi kunipigia kelele hata siku moja, na ndiyo maana nilimwogopa.

Siku moja alinituma Ringwani nikabandike tangazo. Bodi ya kule ilitaka kutunga kanuni ya njia za kupitishia ng'ombe kwenda mnadani, na kanuni haiwezi kutungwa mpaka wanaoguswa wajulishwe siku kumi na nne kabla ya kikao, waje waseme lao. Gundi ilikuwa imeniishia. Nikajifanya fundi, nikakoroga unga wa mahindi kwa maji ya moto kwa mama mmoja muuza chai, nikabandika tangazo langu kwenye ukuta wa josho. Likakaa vizuri kweli. Nikarudi Mugumu napiga mluzi.

Kesho yake mbuzi waliokuja kuoshwa walilamba ukuta ule mpaka ukang'aa. Mchungaji mmoja aliyekuja sokoni ndiye aliyenisimulia, akicheka mpaka anashika mbavu. Mimi nami nikampelekea Mzee Salumu habari hiyo nikitarajia tucheke pamoja. Alicheka. Alicheka mpaka akavua miwani, akafuta macho kwa leso, akaivaa tena.

"Haya," akasema. "Siku kumi na nne zianze upya."

"Lakini mzee, kikao kimeshapangwa. Wajumbe wameshaambiwa. Na tangazo nililibandika kweli, ni mbuzi tu ndio..."

"Mbuzi wameshasoma," akasema. "Watu bado."

Wajumbe walikasirika, mwenyekiti wa kule akamwita mkorofi. Mzee Salumu akaandika tarehe mpya, na safari hii akanipa misumari minne, mmoja wa kila pembe. Kikao kilipofika walikuja wafugaji zaidi ya thelathini, na mmoja wao akaonyesha kwamba njia iliyopendekezwa inapita katikati ya makaburi ya ukoo wake. Hakuna mjumbe aliyekuwa analijua hilo. Njia ikapindishwa.

Hayo ndiyo niliyohamia nayo Tarime. Na nilipofika, bodi ya huku haikuwa hata na kanuni za kuendeshea vikao vyake. Kila mwenyekiti alikuwa anaendesha kwa kadiri alivyoamka. Nikapewa kazi ya kuandika rasimu. Kile kifungu cha mwisho kabisa, ambacho hakuna mjumbe anayekifikia kwa sababu chai inakuwa imeshaletwa, nilikiandika mimi nikimkumbuka Mzee Salumu. Kinasema kwamba uamuzi uliotolewa bila mhusika kuitwa unaweza kufunguliwa upya, mhusika akiomba ndani ya siku kumi na nne tangu siku wito ulipofika mkononi mwake. Nilijivunia sana maneno yale "mkononi mwake". Yakumbukeni, tutayarudia.

Kile mlichoomba zaidi ni namna ya kumpata mtu asiyetaka kupatikana. Sikilizeni kisa cha Sirari.

Pale Sirari, mpakani, palikuwa na mwenye kibanda cha kubadilisha fedha, ambaye bodi ilikuwa inafikiria kumfutia leseni. Kila akiona pikipiki yangu alikuwa anatembea taratibu, mikono mfukoni, hatua ishirini tu, anasimama upande wa Isebania. Mimi nabaki huku na samansi yangu, ndiyo tulivyozoea kuiita karatasi ya wito, napunga kama mtu anayeaga basi.

"Karani!" ananipigia kelele. "Hapa nimesimama ni Kenya, bana! Hiyo karatasi yako haina kazi huku!"

"Njoo uipokee tu, bwana. Haiumi."

"Wacha ikae na wewe!"

Wangekuwa wengine wangeandika "amekataa kupokea" wakarudi nyumbani. Nikauliza huyu bwana anakula wapi. Wakaniambia maharage yake na chapati anakula kwa mama mmoja upande wetu, kwa sababu kule hakuna anayempikia vile. Nikakaa pale siku tatu, nikanywa chai mpaka tumbo likawa kama ngoma. Siku ya tatu akaingia, akanawa mikono, akaketi. Nikamsalimia vizuri, nikaiweka samansi kando ya sahani.

Akanitazama. "Karani, wewe ni mtu mbaya sana," akasema. "Leta kalamu."

Siku ya shauri akaja na karatasi zake zote, akajitetea, na akashinda. Alitununulia soda, hata wajumbe waliotaka kumfutia. Nimeona mara nyingi kwamba mtu anayekimbia samansi ndiye mwenye maneno mazuri kuliko wote, ila hajui kwamba kuna mtu wa kuyasikiliza.

Siku hizi nasikia mnatuma wito kwa WhatsApp. Sina ugomvi na WhatsApp, hata mimi wajukuu wamenitia kwenye magurupu. Lakini mnaona tiki mbili za bluu mnaandika "amepokea", na simu yenyewe iko kwa mtoto anacheza gemu. Mpigieni mtu, msikie sauti yake, mwambieni airudie siku na saa kwa kinywa chake. Akiwa hajui kusoma, nendeni mkamsomee, kwa Kikurya kama ndicho anachokielewa. Pedi ya wino iwe kwenye mfuko wa plastiki, maana mvua ya huku haina adabu. Jazeni nafasi ya muda palepale, msingoje kufika ofisini mkaukumbuke. Na msimkabidhi ndugu. Ndugu ndiye mtu wa mwisho wa kumkabidhi, kwa sababu huwezi kujua ana nia gani.

Hilo la ndugu sikulisoma popote, na Mzee Salumu hakunifundisha. Nalijua kwa kulifanya, na ndilo hasa lililonifanya nikubali kuwaandikia.

Nyangoto kuna kijito ambacho akina mama wanateka maji, na kandokando yake palikuwa na karasha tano. Vumbi na matope yale yalikuwa yanaingia majini, na malalamiko yalikuwa ya haki. Bodi ikaandaa rasimu ya kanuni ya kuzisogeza zote. Kwa kuwa wenye karasha walikuwa na leseni halali, rasimu iliweka jambo jema: kila mmoja angepewa kiwanja kingine juu kidogo, mbali na maji, mradi aje kikaoni akiombe mwenyewe na kusema mashine yake inahitaji nafasi gani. Asiyekuja angehesabiwa ameacha. Samansi tano, majina matano. Nne nilizipeleka vizuri. Ya tano ilikuwa ya Mama Ghati.

Mama Ghati alikuwa mjane wa makamo ya mama yangu. Hakuzaa mtoto wa kiume. Ninyi wa huku mnajua, lakini nitawaeleza wageni: kwetu mama wa namna hiyo anaweza kuoa. Anatoa ng'ombe, anamwoa binti, na watoto wa binti huyo wanakuwa wa nyumba yake na wanabeba jina la nyumba yake. Tunaiita nyumba ntobu. Yeye alikuwa amemwoa Robhi, wakapata watoto watatu, na karasha ile ndiyo iliyokuwa inawalisha na kuwasomesha. Katika mji wa namna hiyo mwenye mji ni mama mwenyewe. Akisema ng'ombe asiuzwe, hauzwi.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa watu hupenda kunitafutia visingizio. Sikuwa mgeni wa mila hiyo. Baba yangu mzazi alizaliwa katika nyumba ntobu. Bibi yangu Nyangi alioa, na baba yangu alikuwa mtoto wa mke wa bibi. Nimekulia kwenye mji ambao mwanamke ndiye aliyekuwa anakaa kwenye kigoda cha mwenye mji, na wazee wa ukoo wakija walikuwa wanamtafuta yeye.

Siku ile ilikuwa imenyesha. Pikipiki imeniangusha mara mbili, nimejaa tope hadi mgongoni. Nilipofika njia panda, kabla ya kushuka kwenda kwa Mama Ghati, nikakuta wanaume wanne watano wamekaa kwenye benchi la duka wanakunywa soda. Mmoja wao alikuwa Chacha, mdogo wa marehemu mume wa Mama Ghati.

"Mura, kijana, unaenda wapi na tope hilo?" akaniuliza.

"Kwa shemeji yako. Nina samansi yake."

"Samansi ya nini?"

Nikamweleza. Kosa la kwanza hilo, lakini dogo.

"Sasa ushuke mpaka kule kwa nini? Nipe mimi. Nani mwanamume pale?"

"Leseni ina jina lake," nikasema. "Na yeye ndiye mwenye mji."

Mmoja kwenye benchi akaangua kicheko. "Karani anaenda kumpelekea bwana harusi karatasi!"

Wote wakacheka. Na mimi, mjukuu wa Nyangi, nikacheka. Ningekuwa sikucheka, nadhani ningeshuka. Kulikuwa na mwendo wa dakika kumi tu. Lakini nilipokwisha kucheka na wale wanaume, sikuweza tena kuwaaga na kwenda kumwita yule mama mwenye mji. Nilimwonea haya. Nilimwonea haya mbele ya watu wanaokunywa soda, watu ambao nusu yao siwakumbuki hata majina. Nikatoa pedi ya wino.

Chacha alitia saini. Fomu ina mstari unaosema "Uhusiano wa mpokeaji na mwitwa". Nikaujaza kwa mkono wangu mwenyewe: mkuu wa kaya. Nikaandika na muda, saa tano na robo, kama nilivyofundishwa. Nilikuwa mwangalifu sana katika kuandika uongo ule.

Nikajiambia atamfikishia. Nilipokuwa narudi nilijiambia hivyo njia nzima.

Siku ya kikao Chacha alikuja amevaa koti. Jina la Mama Ghati lilipoitwa, alisimama yeye. Akasema anazungumza kwa niaba ya familia, kwamba shemeji yake amechoka na biashara ya mawe, na kiwanja kipya kiandikwe jina la Chacha. Mwenyekiti akanigeukia.

"Karani, mwenye leseni aliitwa?"

Jalada lilikuwa mbele yangu. Ningeweza kusema, mheshimiwa, hakuitwa, naomba siku kumi na nne zianze upya. Maneno machache tu, na nilikuwa nimeshayasikia kwa mtu mwingine, tena kwa sababu ya mbuzi. Wajumbe walikuwa wanaangalia saa. Nikasema, "Samansi imepokelewa, mheshimiwa. Saini ipo."

Kanuni ikapita. Wale wanne wakapata viwanja, Chacha akapata cha tano.

Mama Ghati alijua siku mgambo walipokuja kung'oa mashine. Nimesimuliwa kwamba hakulia wala hakutukana. Aliwauliza tu, "Nimeshtakiwa lini?" Mgambo wakaendelea, wao wametumwa kung'oa.

Kesho yake alikuja ofisini na Robhi, wametembea. Nilisimama, nikamwambia, "Shikamoo, mama." Hakuitikia. Aliketi.

"Wewe ndiye karani anayeita watu?"

"Ndiyo, mama."

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamtajia jina la baba.

"Na baba yako alizaliwa mji wa nani?"

Nikainuka nikafungua kabati, nikajifanya natafuta jalada. Nilipekua pale majalada ya vilabu vya pombe, majalada ya machinjio, mpaka nikasikia kiti kinasogezwa. Nilipogeuka walikuwa wameshatoka. Robhi alikuwa amesahau khanga kwenye kiti. Sikuwakimbilia nayo. Ilikaa kabatini mpaka nilipostaafu.

Alikata rufaa juu. Kuna mtu alimsaidia kuandika. Huko wakaniletea barua ya mstari mmoja: karani athibitishe kama mwenye leseni alipewa wito. Vijana, sikuwa na tope mwilini siku hiyo, wala hakukuwa na benchi la wanaume. Nilikuwa peke yangu, asubuhi, kalamu nzuri, chai mezani. Nikaandika: "Wito ulipokelewa na mkuu wa kaya." Rufaa ikatupwa, na katika uamuzi wao waliyanukuu maneno yangu yote sita. Mwenyekiti wetu akanisifu kwa kutunza kumbukumbu vizuri.

Mtoto mkubwa wa Robhi aliacha shule, akaingia kwenye kuokota mawe. Chacha alijenga. Mimi nikaendelea kufundisha makarani wapya habari za mbuzi wa Ringwani, wakicheka, na hapo kwenye "watu bado" nilikuwa nageuza uso niangalie dirishani. Mzee Salumu alifariki bila kujua. Nilikwenda kumzika Mugumu, na mwanawe akaniambia kwamba marehemu alikuwa akinitaja kama karani bora aliyepata kumfundisha. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nilipostaafu nilichukua vitu viwili ofisini bila ruhusa. Kimoja ni khanga ile. Cha pili ni nakala ya tatu ya samansi ya Mama Ghati, ile ya kaboni ambayo hubaki kwa karani. Ile aliyosaini Chacha imo jaladani, mkiitaka mtaiona. Nilikaa navyo nyumbani miezi kadhaa. Mke wangu akaniuliza khanga ya nani, na hilo nalo lilikuwa na kikao chake, lakini hicho si cha kuwasimulia ninyi. Mwisho nikamweleza yote. Akasikiliza, akasema, "Sasa unaniambia mimi ya nini? Mimi ndiye uliyemkosea?"

Wiki hii, Jumanne, nimekwenda. Pikipiki siiwezi tena. Nilibebwa mpaka njia panda, nikashuka kwa miguu zile dakika kumi. Pale dukani benchi bado lipo. Palikuwa na vijana tu, hawanijui, wakaniamkia vizuri.

Mama Ghati amezeeka sana lakini masikio yanasikia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake barazani, Robhi anapukuchua mahindi. Nikasema shikamoo. Akaitikia, maana alikuwa hajanitambua. Nikamwambia mimi ni Marwa, mjukuu wa Nyangi, niliyekuwa karani. Robhi akaacha kupukuchua. Nikampa khanga yake, akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka pajani bila kuikunjua.

Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, nimeyapanga maneno njia nzima. Nilipoanza, mama akainua mkono.

"Hiyo karatasi unayo?"

"Ninayo."

"Nisomee."

Nikamsomea. Nilianza kwa Kiswahili, akaniambia, "Kwa lugha ya bibi yako," nikaanza tena kwa Kikurya. Kwamba yeye, Ghati, mwenye leseni, anaitwa kufika mbele ya bodi, siku fulani, saa tatu asubuhi, kueleza kama anakubali au anapinga, na kuomba kiwanja kipya kwa ajili ya mashine yake. Kwamba ana haki ya kuja na mashahidi. Hapo kwenye mashahidi nikaacha kusoma, akaningoja nimalize.

"Walisema saa ngapi?"

"Saa tatu, mama."

Akafikiri. "Ningefika saa mbili," akasema. "Ningekuja na Robhi, na yule mwenye mashine ya pili angenisemea. Nilikuwa na maneno mengi."

Robhi akasema, "Mengi," na akarudi kwenye mahindi yake.

Nililia, na siwafichi. Mama aliniacha nilie, hakunibembeleza wala hakunifukuza. Halafu akanyoosha mkono wake wa kulia, dole gumba mbele.

"Wino huna?"

Nilikuwa nao. Tangu nianze kazi sijawahi kutoka bila pedi ya wino. Nikamfungulia, akachovya, akauliza aweke wapi, nikamwonyesha nafasi ya mpokeaji. Akakandamiza kwa nguvu kama mtu anayebandika kitu kisitoke. Nikaujaza ule mstari wa uhusiano: mwenyewe, mwenye mji.

"Sasa andika tarehe," akasema.

Niliuliza, "Tarehe ipi, mama?" Nadhani ni mazoea ya ubaya, maana kwa muda mfupi nilifikiri anataka ile ya zamani, ili ionekane nilifanya kazi yangu.

"Ya leo," akasema. "Si ndiyo leo umenipa?"

Nikaandika ya leo.

Basi vijana, mlitaka kumbukumbu, na hizi ndizo. Someni tena kifungu cha mwisho cha kanuni zetu, kile cha wakati wa chai. Nakala yenye kidole cha Mama Ghati nimeibana nyuma ya karatasi hizi, pamoja na ombi lake la shauri kufunguliwa upya, alilolitamka yeye, nikaliandika mimi. Nikiitwa kutoa ushahidi nitakuja, na nitasema niliyoyafanya, hata Chacha akiwepo. Ila samansi yangu mniletee mkononi. Siku kumi na nne zilianza Jumanne, na leo ni ya tatu.